Zinj si babu yetu, wakuu: maneno ya visukuku na mageuko yanayotugombanisha bure

Mwana Mbagala (mleta mada)

Wakuu, habari za Jumapili.

Jana nilimpeleka mtoto wa dada yangu, yuko darasa la sita, pale Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Tumezunguka vizuri, tumeangalia magari ya zamani ya viongozi, mpaka tukafika kwenye habari za fuvu la Zinj. Dogo akakodoa macho. "Mjomba, huyu ndiye babu yetu?" Bila kupepesa nikamjibu ndiyo, huyo ndiye babu, na kabla yake kulikuwa na sokwe.

Pembeni alikuwepo binti mmoja wa chuo na daftari lake. Akatabasamu, akasema, "Shikamoo kaka, samahani kuingilia, yote mawili siyo." Mbele ya mtoto, jamani! Nikameza aibu, nikamwomba anieleze. Tulikaa nje karibu saa nzima, mimi nimetoa karanga na maji tu, yeye katoa elimu. Nimerudi Mbagala nikaendelea kusoma mpaka adhana ya alfajiri. Nimegundua kwamba ubishi wetu mwingi wa kijiweni unaanzia kwenye maneno. Tunatumia neno moja kwa vitu viwili halafu tunatukanana.

Naanza na BABU na BINAMU.

Waswahili ukoo tunaujua. Nikikwambia Juma ni binamu yangu, hutaniuliza "kama umetoka kwa Juma, mbona Juma bado yupo?" Lakini kila siku kijiweni swali ni hilo hilo: kama mtu katoka kwa sokwe, mbona sokwe bado wako Gombe? Hakuna mtaalamu anayesema tumezaliwa na sokwe wa Gombe. Wanasema ni binamu zetu. Babu wa pamoja aliishi kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita, hakuwa sokwe wa leo wala mtu wa leo. Uzao wake ukagawanyika milango miwili, kila mlango ukaenda na hamsini zake. Sokwe naye kabadilika muda wote huo, hakukaa amesimama anatusubiri.

Zinj sasa. Yumo kwenye mlango wetu, ni zamadamu kweli, yaani mtu wa kale, ila ni tawi la pembeni. Mtafiti Mary Leakey ndiye aliyemwona bonde la Oldupai, kule Ngorongoro, tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis siku hiyo amelala kambini anaumwa. Wakamwita Zinjanthropus boisei. Zinj ni jina ambalo Waarabu wa kale waliitia pwani yetu hii, na boisei ni kwa heshima ya Charles Boise aliyetoa fedha za uchimbaji. Siku hizi wataalamu wengi wanamwita Paranthropus boisei, kwa hiyo ukikuta vitabu viwili vina majina mawili usidhani ni watu wawili. Alikuwa na magego mapana ajabu na taya la kusagia vyakula vigumu.

Mwaka uliofuata, Oldupai hapo hapo, ikaanza kupatikana mifupa ya mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi, ambaye mwaka 1964 alipewa jina Homo habilis. Huyu ndiye wanayemweka karibu zaidi na sisi. Zamadamu wa aina mbili, zama moja, eneo moja, pengine wanakunywa maji ya ziwa moja! Mlango wa Zinj ukafungika zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Kwa lugha ya nyumbani, Zinj ni baba mkubwa aliyefariki bila kuacha mtoto.

Nakuja na kisukuku. Ngoja nile kwanza.

Sijaelewa Bado

Nimeweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

Konda Mstaafu

Mleta mada, hiyo miaka milioni unaitaja kama nauli ya mia tano. Wengine haituingii. Nimetoka kupiga hesabu nyuma ya daftari, niiweke kwa lugha ya barabara.

Dunia ina miaka bilioni 4.54. Chukua safari ya Morogoro hadi Posta, tuiite kilomita 200 kwa urahisi wa hesabu. Morogoro dunia inazaliwa, Posta ni leo. Kila kilomita moja ni miaka karibu milioni 23.

Dalili za uhai za kale zinazokubalika na wengi ni za miaka kama bilioni 3.5, hapo umeiacha Morogoro lakini Chalinze bado hujaiona. Halafu unapita Chalinze, Mlandizi, Kibaha, dirishani hakuna mnyama wa kukutazama, karibu wote ni viumbe vya chembe moja. Wanyama wenye magamba na maganda wanaanza kujaa kama kilomita 24 kabla ya Posta, maana yake Mbezi huko. Dinosaria wanatamba kuanzia maeneo ya Ubungo. Wanakufa wakifika Jangwani, kilomita 3 hivi kabla ya mwisho. (Jangwani pale kila kitu kinakufa, hasa mvua ikinyesha.) Zinj yuko mita kama 77 kabla ya kushuka. Sisi, mtu wa sasa mwenye miaka kama 300,000, ni mita 13. Basi la mwendokasi lile refu lenye mpira katikati linatuzidi.

Mwana Mbagala (mleta mada)

Konda umeua! Nimemsomea dogo, kacheka hapo Jangwani.

Haya, KISUKUKU. Mimi nilidhani ni mfupa mkavu wa zamani. Binti akaniuliza, "Kaka, kiroba cha mchanga ukikimwagia saruji kinabaki mchanga?" Mfupa ukifukiwa haraka na matope au majivu ya volkeno kabla fisi hajaupata, maji ya ardhini yanapita ndani yake miaka na miaka, yanaacha madini kwenye vitundu. Taratibu unageuka kuwa jiwe lenye umbo la mfupa. Ndiyo maana vingi ni vizito kuliko mfupa wa kawaida. Na ndiyo maana ni vichache, kwa sababu wengi wanaokufa wanaliwa, wanaoza, wanasahaulika.

Na si lazima kiwe mfupa. Jani, ganda la kome, hata kinyesi. Nyayo za Laetoli, zile timu ya Mary Leakey ilizifukua kuanzia 1978, ni visukuku pia. Majivu ya volkeno yalianguka, mvua ikalowesha kidogo, wakapita watu wa kale kwa miguu miwili, majivu yakagandamana kama saruji, majivu mengine yakafunika. Miaka milioni 3.66. Alama ya kidole gumba imetazama mbele kama yetu, si pembeni kama ya sokwe. Ubongo wao ulikuwa bado mdogo. Kwa hiyo tulianza kutembea wima kwanza, akili nyingi zikaja baadaye sana. Baadhi yetu bado tunazisubiri.

Mtumishi wa Shamba la Bwana

Mimi ni muumini na sijaja kugombana. Ila wanasayansi wenyewe wanasema mageuko ni NADHARIA. Nadharia ni kubahatisha. Halafu hiyo milioni 3.66 nani alikuwepo akahesabu?

Mwana Mbagala (mleta mada)

Mtumishi, asante kwa kuja kwa ustaarabu. Imani yako siigusi, na hata binti wa daftari alikuwa amevaa rozari.

Nadharia ya mtaani ni maneno matupu: "huyo fundi ana nadharia tu, vitendo hana." Nadharia ya kisayansi ni maelezo yaliyofunga pamoja ushahidi mwingi, yakajaribiwa kwa kila namna yavunjike, yakakataa. Kwamba vijidudu vinaleta magonjwa nayo ni nadharia, lakini daktari akikuandikia dawa humwambii anabahatisha. Charles Darwin na Alfred Russel Wallace wazo lao la mageuko, kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi, lilisomwa London mwaka 1858, na tangu hapo limepigwa mawe kutoka pande zote.

Sasa hesabu. Hapa na mimi nilikuwa napotosha watu, nilikuwa nasema "wamepima kwa kaboni". Kaboni 14 nusu-uhai wake ni miaka 5,730, yaani kila ikipita miaka hiyo inabaki nusu ya iliyokuwepo. Ukivuka miaka 50,000 hivi hakuna cha maana kilichobaki cha kupima. Dinosaria kwa kaboni? Haiwezekani.

Oldupai walitumia potasiamu na argoni. Baadhi ya potasiamu kwenye jiwe hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni, nusu-uhai miaka bilioni 1.25. Mwamba ukiwa bado uji wa moto argoni inatoroka, ukiganda gesi inanaswa ndani. Ni kama mita iliyorudishwa sifuri siku volkeno ilipolipuka. Unapima gesi iliyojikusanya, unajua muda. Angalia vizuri: kinachopimwa ni majivu ya tabaka, siyo fuvu. Louis Leakey mwanzoni alimkadiria Zinj miaka 600,000. Mwaka 1961 wataalamu Evernden na Curtis wa California wakapima wakapata milioni 1.75, karibu mara tatu. Kwa hiyo hata mwenye fuvu lake alikosea, na vipimo vikamsahihisha.

Mtumishi wa Shamba la Bwana

Hapo kwa majivu nimekuelewa. Kwa mengine naendelea kusoma kimya.

Mzee Makaa

Vijana, shikamooni kwa kinyume. Nimefanya kazi makaa ya mawe kule Ruvuma miaka mingi, sasa nafuga kuku Chanika. Niongeze kidogo, maana wengi huchanganya enzi na vipindi.

Enzi ni kubwa: Paleozoiki, Mesozoiki, Kenozoiki. Ndani ya enzi kuna vipindi. Mesozoiki, ndiyo ya dinosaria, ina vitatu: Triasiki kuanzia miaka milioni 252, Jurasiki kuanzia 201, Kretasia kuanzia 145 mpaka 66. Majina yasiwatishe. Jura ni milima ya Ufaransa na Uswisi. Kretasia ni chaki kwa Kilatini. Permi, kipindi kilichotangulia Triasiki, ni mji wa Perm kule Urusi. Wangeanzia kwetu tungekuwa na kipindi cha Songea.

Mipaka hiyo hawakuichora kwa rula. Unapanda tabaka kwa tabaka, visukuku vya aina fulani vinafika mahali vinakoma. Mwisho wa Permi, miaka milioni 252 iliyopita, baharini karibu kila kitu kilitoweka. Ule wa milioni 66 mnaujua, jiwe kutoka angani lililopiga Chicxulub, Meksiko. Baba na mwana, Luis na Walter Alvarez, walilitilia shaka mwaka 1980 baada ya kukuta madini ya iridi mengi kwenye udongo mwembamba wa mpakani. Iridi ardhini ni adimu, kwenye vimondo ni nyingi.

Makaa yetu ya kusini ni misitu ya Permi. Nimepasua mwamba wa tope gumu kwa nyundo, ukafunguka kama kitabu, ndani jani. Refu kama ulimi, mshipa mmoja katikati na vimishipa vya wavu pembeni. Glossopteris. Jani hilo hilo lipo India, Australia, Amerika ya Kusini na hata Antaktiki. Mbegu zake haziwezi kuogelea bahari zote hizo. Nchi zilikuwa bara moja, Gondwana. Nilikaa nalo mkononi mpaka msimamizi akanifokea.

Na nyie wa Dar mnaojiona mko mbali na haya, gesi ya Songo Songo inayowawashia taa imetoka kwenye mchanga wa Kretasia.

Mmwera Halisi

Mzee Makaa heshima yako. Kwetu ni Lindi, na uzi wa dinosaria bila Tendaguru haujakamilika.

Mwaka 1906 Mjerumani mmoja mhandisi wa migodi, Sattler, alikuta mifupa mikubwa imechomoza njiani. Vita vya Majimaji vilikuwa bado havijaisha. Mwaka 1909 mpaka 1913 wakaja wa makumbusho ya Berlin, Janensch na Hennig. Lakini kazi ilikuwa ya wazee wetu. Msimamizi mkuu wa uchimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, Hennig na wenzake walimtegemea mno. Mizigo ilibebwa kichwani siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200! Lile dinosaria refu, Giraffatitan, lilisimamishwa Berlin mwaka 1937, urefu wa juu mita 13.27, na miaka yake ni kama milioni 150. Ni la Lindi. Nauli ya kwenda kumwona mwenyeji wangu sina.

Wakaja Waingereza mwaka 1924, na kijana wao mmoja alikuwa huyo huyo Louis Leakey. Kiongozi wake Cutler alikufa kwa malaria Lindi mwaka uliofuata.

Halafu kuna majina yanayonifurahisha. Mmoja wa Manda, Ruvuma, alipewa jina mwaka 2010: Asilisaurus kongwe. Asili, kongwe, Kiswahili kitupu! Ni wa miaka kama milioni 245, na yeye si dinosaria hasa, ni ndugu wa karibu. Mwaka 2017 akaja Shingopana wa Songwe. Mwaka 2019, naye wa Songwe, Mnyamawamtuka moyowamtukae, mnyama wa Mtuka, moyo wa Mtuka, kwa sababu pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Maprofesa duniani sasa wanang'ata ulimi kulitamka.

Sijaelewa Bado

Moyowamtukae ntampa mtoto wangu wa pili.

Muuguzi wa Temeke

Naomba niongeze neno moja linalonikera kazini: KUZOEA. Watu wanasema "vimelea vimezoea dawa". Mnakumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria ya kuwasha mwili mzima unajikuna mpaka alfajiri? Nchi yetu iliiacha mwaka 2001 kwa sababu ilikuwa haiui tena vimelea vya kutosha. Ikaja dawa nyingine, SP, nayo ikachoka, mwaka 2006 tukaenda dawa ya mseto.

Kimelea hakizoei kama wewe unavyozoea pilipili. Kati ya mamilioni, wachache wamezaliwa na tofauti ndogo inayowawezesha kuishi dawa ikiwepo. Dawa inaua wenzao, wao wanabaki, wanazaa, watoto wanarithi. Baada ya muda kizazi kizima ni chao. Huo ndio UTEUZI ASILIA, na hakuna aliyekaa kuteua. Malawi waliacha klorokwini mwaka 1993, baada ya miaka michache vimelea visivyo na usugu vikarudi kutawala, kwa sababu usugu una gharama yake na dawa haikuwepo tena.

Seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ni habari hiyo hiyo. Mwenye urithi wa upande mmoja tu malaria kali inampata kwa nadra, ndiyo maana tatizo hilo limebaki kwetu kwenye mbu wengi. Mtafiti Allison aliandika hayo mwaka 1954 kutokana na utafiti wa Afrika Mashariki. Wazazi wenye urithi huo wakikutana, mtoto anaweza kupata pande zote mbili, na hao ndio tunaowahudumia wodini. Pimeni kabla ya ndoa.

Mdigo wa Kigombe

Nami kwetu Tanga nina neno: KUTOWEKA. Samaki silikanti walidhani ametoweka pamoja na dinosaria, mpaka mwaka 1938 akapatikana Afrika Kusini. Kuanzia 2003 wavuvi wetu wakawa wanamnasa kwenye majarife ya papa yaliyotegwa kina kirefu. Buluu iliyochakaa, madoa meupe, mapezi yenye nyama kama vikono. Mjomba wangu alimwona mmoja ufukweni, anasema alidhani ni chewa aliyeugua. Mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake.

Wanamwita kisukuku hai. Mimi silipendi jina hilo. Wa leo si sawa na wale wa kwenye mawe, naye amebadilika.

Mwana Mbagala (mleta mada)

Kweli, naye ana ukoo wake. Nimempigia dogo simu nikafuta kauli yangu ya jana. Kanijibu, "Sasa mjomba, kwa mwalimu niandike babu ni nani?" Nimemwambia aandike kwamba babu bado anatafutwa, binamu anaishi Gombe, na baba mkubwa yuko mtaa wa Shaaban Robert.

Kokoto za Mama

Mleta mada samahani, nimechelewa. Mama yangu anaponda kokoto Kunduchi Mtongani. Wiki iliyopita alipasua jiwe jeupe kubwa, ndani kukawa na kitu kama sega la nyuki, vitundu vimejipanga, kila kitundu kina vinyota ndani. Na pembeni ganda la chaza limeng'ang'ania. Ni kisukuku au ni jiwe tu?

Mwana Mbagala (mleta mada)

Vyote viwili mkuu! Hayo ni matumbawe ya kale, hicho kinyota ni nyumba ya kiumbe mmoja mmoja. Yaliota hapo wakati bahari imepanda kuliko leo. Mawe mengi ya nyumba za zamani za pwani ni hayo hayo. Mwambie mama alitunze, nakuja na dogo Jumamosi.

Kokoto za Mama

Nimempigia sasa hivi. Anasema lilikwenda na ndoo za jana, lori limepeleka kwenye msingi wa mtu Goba. Ila lile ganda la chaza alilibandua, anakandamizia turubai lisipeperuke.